Sehemu ya Tatu

Kinyaa kilimpanda Anifa kooni pale nyuma ya jukwaa, kwenye mapumziko baada ya sehemu ya kwanza. Wilbert, mwongozaji wa okestra yao, alikuwa akimwigiza mama mmoja wa safu ya mbele: kapandisha gauni magotini, kabana kwapani viatu vilivyolowa, anapiga makofi mdomo wazi. Wapigaji walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Tena wanapiga makofi katikati!" Wilbert akasema. "Muziki haujaisha, wao wameshasimama!"

Anifa alikuwa amemwona mama yule akiingia. Jumapili hiyo mvua ilinyesha tangu alfajiri, Jangwani hapapitiki, na ukumbi wenyewe uko Mchafukoge, ghorofani juu ya maduka ya vitambaa. Alijua watavipigia viti vitupu. Lakini watu wakaja, wakakamua nguo zao ngazini, wakakaa. Miaka yote ya kupiga fidla hakuna kilichompa raha kama kile kimya cha mwanzo, watu wasiomjua wakizuia kikohozi kwa ajili yake. Chumbani kwake Buguruni ungekuwa mlio tu. Wao ndio walioufanya uwe muziki.

"Sikilizeni," Wilbert akasema, akijifuta machozi ya kicheko. "Kuna watu wananisubiri Masaki. Sehemu ya tatu tunaikata. Tukimaliza ya pili tunainama, tunasepa."

"Lakini tumewatangazia tatu," Anifa akasema.

"Nani atajua? Yule wa viatu?"

Wakacheka tena. Anifa akawatazama wenzake mmoja mmoja, watu aliokula nao na kufanya nao mazoezi, akaona aibu hata ya kusimama karibu nao.

Walipomaliza sehemu ya pili, Wilbert akainama, akatoka. Wengine wakamfuata. Anifa hakuinuka. Watazamaji waliokuwa wameanza kukusanya miavuli wakamwona amekaa, nao wakarudi vitini.

"Bado kuna sehemu ya tatu," akawaambia. Akaanza kupiga.

Yeye alikuwa fidla ya pili, kazi yake kusindikiza. Wimbo wenyewe ulikuwa kwa wengine, na wengine walikuwa wanafunga mabegi. Kwa hiyo alipiga vipande vyake, akanyamaza palipokuwa pao, akahesabu moyoni, akaendelea. Jasho likamtiririka. Ghafla akasikia kiti kikiburutwa: Klara, mpiga selo, ile fidla kubwa ya kukalia, amerudi na begi lake begani. Akalifungua, akakaa, akaanza kupiga naye.

Katikati watu wakapiga makofi. Anifa akashusha upinde, akawangoja wamalize, kisha wakaendelea mpaka mwisho.

Wilbert, aliyekuwa bado anangoja mvua ipungue, aliwakuta ngazini. "Umeniaibisha, Anifa."

Kabla hajajibu, yule mama akawafikia.

"Shikamoo mama," Anifa akamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Ile ya mwisho nimeipenda, ina upweke fulani. Hivi ndivyo inavyopigwa, eh? Kidogo, kimya, kidogo?"

Anifa akasema, "Hapana, mama. Wenzetu walikuwa wameshaondoka."

"Kumbe! Mimi wala nisingejua." Akamshika mkono, akamshukuru, akashuka.

Wilbert akaachia kicheko kikubwa. "Si nilisema? Hawajui kitu!"

"Ulisema kweli," Anifa akajibu. "Hakujua. Alikuamini. Na wewe ukaona hapo ndipo pa kumwibia."

"Nani kaiba? Usinitukane, dada."

"Unanitia kichefuchefu, Wilbert. Wewe na meno yako."

Alishuka bila kumtazama tena. Nje, Klara akamuuliza kama amepata nafuu baada ya kumpa Wilbert vidonge vyake. Anifa akatikisa kichwa. Kile kicheko kilikuwa kimemkaa tumboni kama chakula kilichochacha, na hata walipofika Kariakoo, akanunuliwa chai ya tangawizi, hakikutoka. Kwenye okestra hakurudi. Yeye na Klara sasa hupiga wawili, na kila wanapopiga, makofi yakija katikati, Anifa hushusha upinde akayapokea.