Mkanda wa Bwana Miti

Saa tano asubuhi msitu wa baba ulikufa mara ya tatu.

Ulifia kwenye kompyuta yangu, juu ya meza ya chakula, kati ya chupa ya chai na miwani yake. Nilikuwa nimetengeneza programu ndogo ya kuandaa msitu wa mfano: inakuuliza maswali, unajibu, nayo inaupanga msitu na kuukuza miaka mia kwa dakika saba. Maswali niliyaandika kwa Kiswahili ili baba ayajibu mwenyewe. Msitu wa kweli aliulinda yeye miaka thelathini na mmoja, na mtaani wanamwita Bwana Miti hadi leo.

Jana alijibu kama mzazi anayeulizwa habari za wanawe.

"Mti huu unavumilia kivuli?" nilimsomea.

"Huo? Unakipenda mno. Mvivu kama mjomba wako."

"Mbegu zake zinafika mbali?"

"Zinaanguka hapo hapo miguuni. Hautaki watoto waondoke nyumbani." Akanitazama. "Wala siulaumu."

Unene wa miti niliunakili kutoka daftari lake, miti mia nne na kumi na miwili. Sasa kila nikiendesha programu, ramani inaanza kijani, na ikifika mwaka wa tisa inageuka njano yote. Miti imekufa kwa uzee.

Saa nane kamati ya msitu ingekaa kuamua hatima yake. Wafanyabiashara wa mbao walidai msitu umezeeka, bora ukatwe kabla haujaoza. Mimi ndiye niliyetakiwa kupeleka ramani, na ramani yangu ilikuwa inawakabidhi shoka.

"Wapelekee hiyo hiyo," baba alisema. "Usije ukadanganya watu kwa ajili yangu." Kisha akaenda kuosha kikombe ambacho kilikuwa safi.

Nilivuta daftari. Mti namba themanini na nane: tisini na tano. Sentimita tisini na tano! Karibu upana wa meza. Lakini mti huo naujua. Nilikuwa naukumbatia nikiwa darasa la pili, viganja vikikutana upande wa pili.

"Baba! Hii miti ulikuwa unaipimaje?"

"Kwa mkanda."

"Mkanda upi?"

"Si huu?" Akauchomoa kiunoni. Ndani ya ngozi kulikuwa na alama ndogo zilizochomwa kwa msumari, moja kila sentimita tano. Akauzungusha kwenye nguzo ya sebuleni, taratibu, kama anayemvisha mtoto.

"Baba, suruali!"

"Sayansi kwanza."

"Na wageni wakiingia?" mama aliuliza kutoka jikoni.

Sikuweza hata kucheka. Alikuwa amepima kwa kuzungusha shina, mimi nikaandika kana kwamba amepima kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Kila mti niliunenepesha mara tatu, na programu inayokisia umri kwa unene ikaona msitu mzima wa mababu.

Nilisahihisha hesabu, nikaongeza swali moja: *Umezungusha, au umepima ubavu hadi ubavu?* Nikabonyeza. Baba alisimama nyuma yangu, mkono mmoja umeshika suruali, mwingine uko begani mwangu.

Mwaka wa tisa ukapita, kijani. Wa arobaini. Hapa na pale mti mzee ulianguka, na vijana wakajaza nafasi yake. Mwaka wa mia, mkono begani ukawa mzito.

"Upo," alisema. "Bado upo."

"Nipe mkanda, baba. Wataniuliza umepimia nini."

Kwenye kamati waliuliza kweli. Mkanda ulizunguka meza mkono kwa mkono, na mwenyekiti, mama wa makamo asiyecheka ovyo, alizihesabu alama zote kwa kidole kabla ya kusema msitu uachwe.

Niliporudi, baba alikuwa getini, suruali imefungwa kwa kamba ya kuanikia nguo. Nilimzungushia mkanda wake kiunoni mwenyewe, nikasoma alama.

"Umepungua, Bwana Miti."

"Andika," alisema. "Lakini andika kwamba umezungusha."