Mluzi wa Kunyweshea

Ukimsikiliza Rosina, jirani wa ng'ambo ya mfereji, Darmi alijificha nyuma ya migomba akapiga mluzi makusudi, ili farasi amwangushe yule mama wa Malindi. "Nilimwona alivyoikunja midomo," anasema, na yeye anaikunja yake kama anayepuliza uji. "Hakutaka farasi auzwe. Mwajua Waorma na mnyama!"

Migomba ipo, ni kweli. Lakini Darmi alikuwa amesimama peupe katikati ya uwanja, roho juu. Angemwangushaje mtu aliyekuja kumchukua yeye pamoja na farasi? Maana Suleiman, mwenye kambi ya wageni hapo karibu na Kulesa, alikuwa amepatana na yule mama mwenye shule ya kupanda farasi: akimpenda Dalacha, atamchukua na saisi wake. Na saisi, yaani mtunza farasi, ni Darmi.

Dalacha alikuwa farasi jike. Jina alipewa na Darmi. Kwao Waorma huitwa hivyo ng'ombe wa kijivu. Alifika mkali, hataki kuguswa masikio. Suleiman akamwelekeza Darmi upandaji wa Kiingereza kama alivyofunzwa mwenyewe: tandiko jembamba, mgongo wima, hatamu laini mkononi. Ukitaka aende, mbane kwa miguu. Ukitaka asimame, kaa kwa uzito, funga vidole. "Na fimbo weka mbali. Huyu si punda."

Kubanwa, Dalacha alielewa upesi. Mchakamchaka alienda vizuri, na Darmi akajifunza kuinuka na kukaa, kuinuka na kukaa, mpaka mapaja yakawaka moto. Kusimama ndiko kulikowashinda. Farasi alivuta shingo, akaendelea zake. Basi asubuhi moja, Suleiman akiwa Garsen, Darmi akafanya lile alilozoea tangu utotoni, ng'ombe wa baba yake wanapofika mtoni wakihofia mamba. Alipiga mluzi wa kunyweshea, ule mrefu wa chini, unaomwambia mnyama tulia, inama, hapa ni salama.

Dalacha akasimama tuli. Akainamisha kichwa. Darmi akamlalia shingoni, akacheka peke yake.

Toka hapo, kila alipofunga vidole aliuachia na mluzi, polepole, kwa ndani ya meno. Suleiman, kutoka mbali, aliona farasi anasimama tu. "Umemweza, dada."

Siku yule mama alipokuja kumjaribu, Dalacha alizunguka uwanja naye mgongoni bila kosa. Mama akafurahi, akamtoa nje kwa mchakamchaka kando ya mfereji. Ng'ambo, Halake, mfugaji wa huko, alikuwa ananywesha ng'ombe wake, naye akapiga mluzi, kama mchungaji yeyote. Dalacha akasimama papo hapo, kichwa chini. Mama akapita juu ya shingo, akaangukia bega. Alipelekwa hospitali akilia, na kutoka huko akatuma neno kwamba farasi huyo hamtaki, wala saisi wake.

Darmi hakuficha kitu. Alimweleza Suleiman yote.

"Kwa hiyo akisikia mchungaji yeyote?"

"Anasimama."

"Na hapa Tana, Darmi, ni wapi pasipo na mchungaji?"

Suleiman akaondoka bila hata kufoka, na hilo ndilo lililomuuma Darmi zaidi.

Lori lilikuja na Tahir, mwenye mikokoteni ya mawe, ambaye Suleiman alikuwa amemuuzia Dalacha. Dalacha alikataa kupanda. Wanaume walimvuta, wakamsukuma, akaweka miguu kama nguzo.

"Huyu wenu kasomeshwa Kiingereza, lori halijui?" Tahir akasema, watu wakacheka. "Si neno. Kwangu akisimama, kiboko kitamwambia aende."

Suleiman hakucheka. Akasema bila kumtazama Darmi, "Dada, mpandishe wewe. Wewe ndiye anayekusikia."

Darmi akachukua kamba. Hakuivuta. Alitembea mbele tu, bila kugeuka, akapanda ubao, na nyuma yake akasikia kwato zikigonga mbao, moja, halafu nyingine, kwa kumwamini. Ndani kulinuka makaa. Dalacha akaweka pua kwapani mwake, kama kila asubuhi alipofungwa hatamu. Darmi akamshika masikio, yale yaliyokuwa hayashikiki.

"Kaka Suleiman," akaita kutoka mle ndani. "Nipe mpaka mvua zianze. Mimi ndiye niliyemfunza vibaya, mimi nitamfunza upya. Nakuomba, usimtoe."

Suleiman alikuwa ameshika komeo la mlango, hajalifunga bado, anatazama magurudumu.