Marehemu Watano wa Kitabu Kimoja

Asubuhi aliyofariki dada yangu, trei zake za vitamutamu vya mayai na tui zilikuwa bado ndani ya oveni, na hakuna aliyekumbuka kuzitoa. Harufu ya kuungua ilitufuata mpaka hekaluni.

Kwetu Phetchaburi, huku Thailand, siku maiti ya mtu inapochomwa, wafiwa huwagawia wageni kijitabu cha maisha yake. Kazi ya kukusanya maandishi iliniangukia mimi. Kila mtu aliandika ukurasa wake, nikazipanga kurasa, nikampelekea Prayun, mwenye duka la uchapaji, ambaye tulisoma naye darasa moja.

Alisoma akiwa amesimama. Halafu akavua miwani.

"Poleni sana, Oi. Kumbe ilikuwa ajali?"

"Ajali gani? Moyo tu."

"Mioyo mitano kwa mpigo? Ebu ona. Hapa kafa Kung. Hapa kafa Mwalimu Lamduan. Huku kafa Mama, huku Dada Mayai wa sokoni. Na huyu Natthanicha wa jaladani, maskini, hata hajaandikiwa neno!"

"Wote ni dada yangu!"

"Mimi najua. Je, mgeni kutoka Bangkok?"

Nikacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Hakuna aliyekosea. Nyumbani tulimwita Kung, yaani kamba wa baharini, kwa sababu alizaliwa mwekundu. Lamduan lilikuwa jina la cheti cha kuzaliwa, mpaka mtawa alipomwambia linamzibia bahati, akabadili kuwa Natthanicha. Sisi tunaitana hivyo, kila mtu na jina lake kwako, na hatupoteani, maana anayetajwa yupo, unamwona. Kwenye karatasi hayupo.

"Na mpwa wako ameanza na 'Kwa hiyo'," Prayun akaongeza. "Kwa hiyo nini? Kaingia nyumba ya watu bila hodi. Kashone hizi kurasa kwa maneno, uniletee kesho. Watu wajue wanamlilia nani."

Mchana ule tulikaa hekaluni mimi, shemeji yangu Sawang na mwanawe, Tan.

"Mama mdogo, tuandike Natthanicha kote," Tan akasema. "Ndilo la kitambulisho."

"Thubutu! Watu wa sokoni watadhani wamekosea msiba."

Sikutaka kufuta jina hata moja. Nikayaacha yote, ila mbele ya kila ukurasa nikaweka sentensi ya kuupokea ule uliotangulia. *Kung huyo aliyezaliwa mwekundu ndiye baadaye aliyefundisha darasa la kwanza, na watoto wakamwita Mwalimu Lamduan. Mwalimu huyo huyo, aliyebadili jina akawa Natthanicha, alipostaafu, alianza kupika vitamutamu. Ndipo soko likampa jina la Dada Mayai.* Vineno vidogo tu: huyo, baadaye, ndipo, ingawa. Lakini kila nilipoweka kimoja nilijiona kama namshika mkono, namvusha kwenda ukurasa wa pili.

"Na hii 'Kwa hiyo' yako, Tan, ulikuwa unajibu nini?"

"Nilikuwa naendelea tu. Asubuhi ile tulibishana na Mama kuhusu sukari, hatukumaliza."

Basi nikaandika juu yake: *Asubuhi ile walikuwa wanabishana kuhusu sukari.* Ikakaa.

Ukabaki ukurasa wa Sawang. Ulikuwa hivi: *Alipika. Nilikula. Hayupo.*

"Shemeji, hizi hazijashikana," nikamwambia. "Niweke 'lakini sasa' hapo kabla ya mwisho?"

"Usiweke."

"Msomaji atashtuka."

"Mimi sikushtuka?" Aliendelea kukunja leso za wageni. "Nilikuwa nakunywa chai. Nikageuka. Katikati hapakuwa na kitu, shemeji. Ukitia neno pale, utakuwa umenisingizia."

Kitabu kizima nilikuwa nimekifunga vizuri, na pale palikuwa na pengo wazi ambalo kila mtu angeliona. Nikarudisha kifuniko cha kalamu.

Kesho yake Prayun alisoma tena kwa kusimama, akitabasamu. "Haya, marehemu mmoja," akasema. Alipofika ukurasa wa mwisho akampa kijana wa mashine karatasi zote bila kubadili neno.

Tulimchoma Jumamosi. Wageni waliondoka na vitabu vyao, na vilivyobaki viko kwenye kabati la hekalu. Siku hizi Sawang anajipikia.