Hatua ya Kumi na Saba

Jumapili saa nane mchana, katika ukumbi wa kanisa moja mjini Runyenjes, Mutegi, fundi mpya wa mitambo, alibonyeza kitufe kimoja na igizo la Ayubu likaanza. Projekta iliwaka yenyewe, TV nne zikabadilisha picha kwa zamu. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya Kivuti, kwa rimoti tatu na ngazi moja, maana TV ya tatu haikusikia rimoti. Mwezi wa pili, waya uliochubuka wa TV hiyo ulimpiga shoti, akaanguka na kufa. Kamati ya kanisa iliandika kwamba aliteleza.

Mutegi alikuwa amenakili kwenye kompyuta, neno kwa neno, daftari ambamo Kivuti aliandika hatua za igizo, maana ni mtu wa kufuata maandishi. Hatua ya kumi na saba ilisema: Kivuti apande, awashe ya tatu. Kompyuta ilipofika hapo, Kivuti alitoka nyuma ya pazia na ngazi yake, akapanda, akawasha, akapigwa shoti, akaanguka. Hatua ya kumi na nane ilipoanza hakuwepo. Watu walipiga makofi, kwa kuwa picha ya moto ilitokea kwa wakati wake.

Ikawa hivyo kila Jumapili. Mwenye kovu usidhani kapoa: Felicitas, mjane wake, alikuwa akifiwa upya kila wiki, na iliuma sana. Alimwendea mwenyekiti wa kamati, Mzee Gedion.

"Mzee, tengenezeni hiyo waya tu. Akuje, awashe, ashuke."

"Mama Kajuju, tuliandika aliteleza. Tukitengeneza saa hii, si ni kama tumekubali?"

"Na si mnamuona akipigwa?"

"Tunamuona, mama. Na hajawahi chelewa."

Mutegi hakuruhusiwa kugusa waya, na Felicitas hakutaka hatua ile ifutwe, asimpoteze mume kabisa. Basi Mutegi akaongeza jambo dogo: Kivuti akishatokea, kabla hajapanda, kompyuta ingesubiri dakika moja.

Jumapili iliyofuata Felicitas alimshika mumewe mkono, ukiwa na joto. Alimwambia kwamba mtoto wao Kajuju ameingia sekondari. Alimwambia kahawa ya mteremkoni imezaa vizuri. Kisha akasema, "Baba Kajuju, leo usipande."

"Nisipopanda show itakwama," Kivuti alijibu. "Usijali. Ile waya nilishawaambia. Lazima walitengeneza."

 Dakika ilipoisha Felicitas alimshikia ngazi, naye akapanda.