Bahari ya Ngokolo

Ukiuliza njia ya kuja kwangu pale Ngokolo, hutaambiwa nyumba ya mwalimu mstaafu. Utaambiwa nyumba yenye bahari. Nilifundisha fizikia miaka thelathini na miwili na hakuna mpita njia aliyewahi kusimama dirishani kwangu kwa sababu ya fizikia. Bahari ndiyo iliyonipa jina mjini Shinyanga, nami nililipenda jina hilo kuliko ninavyokiri mbele ya padri.

Bahari yenyewe ni tangi la kioo la lita mia tatu, lipo sebuleni. Maji nachanganya mwenyewe kwa chumvi maalumu na kipimo. Ndani wamo samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, pamoja na tumbawe laini lenye vidole vingi, nililonunua Dar es Salaam kwa mtu anayeyaotesha kwa kibali. Likiwa na afya hufungua vidole asubuhi na kuvichezesha majini mchana kutwa. Mwaka huu, mwezi wa sita, lilivikunja na kugoma kabisa kuvifungua. Utando mwekundu ulitanda kwenye mchanga nyuma ya mawe, na sebule ikaanza kunuka yai viza.

Mke wangu Agnetha, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Noela, alivumilia wiki tatu. Jumapili baada ya misa akanikalisha chini. Wageni wa posa ya binti yetu Noela walikuwa wanakuja Jumamosi, watu wazito kutoka Buseresere, na hakuwa tayari kuwaketisha kwenye uvundo ule. Kaka yake Abel angekuja asubuhi hiyo na gari lake. Harufu ikiwa bado ipo, tangi lingepanda gari na kuondoka moja kwa moja. Aliyasema hayo bila kupandisha sauti, nikajua hapo hakuna rufaa.

Nilibaki nalitazama lile tumbawe na moyo uliniuma, sioni aibu kusema. Nikiwa sina bahari, mimi ni mzee mwingine tu wa pensheni anayesoma gazeti la jana.

Tena hesabu zangu zilikuwa safi. Pampu yangu ilisukuma lita elfu sita kwa saa, maana yake maji yote yalizungushwa mara ishirini kila saa, kama inavyotakiwa. Nilirudia hesabu mara nne. Zilikuwa sahihi mara zote nne, na tumbawe likaendelea kufa.

Jumatatu Mama Noela alinituma Kharumwa kwa shemeji Abel kufuata mchele wa shughuli. Nyuma ya shamba la Abel kuna mwalo, mahali wanapooshea mchanga wa dhahabu. Wanainamisha ubao mrefu, wanautandika blanketi, wanamwaga mchanga na maji kwa juu; mchanga unateremka, dhahabu kwa uzito wake inanasa kwenye manyoya ya blanketi. Nilikuwa napita haraka, maana mimi na machimbo hatujawahi kupatana. Hapo nikamwona mwanamke mmoja akisimamisha kazi. Aliinama, akasogeza jiwe dogo lililokuwa kichwani mwa ubao, upana wa vidole viwili tu. Maji yaliyokuwa yanakimbilia upande mmoja yakatawanyika ubao mzima. Hakupima kitu chochote. Nikasimama.

Aliinua uso, akafuta mikono kwenye kanga, akaniamkia shikamoo mwalimu. Alikuwa Limi, niliyemfundisha kidato cha tatu miaka kumi na mitano iliyopita. Nilimkumbuka kwa alama zake, maana zilikuwa za kukumbukwa: kumi na moja kwa mia. Kwenye ripoti yake niliandika kwa mkono wangu kwamba fizikia si somo lake na asipoteze muda. Kidato cha nne hakukimaliza.

Sikuwa na haja ya kumweleza shida zangu, lakini nilimweleza, huku nikijifanya ni maongezi tu ya njiani. Aliuliza swali moja, pampu ziko ngapi na zinatazama wapi. Nikamwambia ipo moja, ya nguvu, inatazama ukuta wa pili. Alijiziba mdomo kwa ncha ya kanga ili nisimwone akicheka. Kisha akasema kesho yake anakuja Shinyanga kununua mablanketi, anaweza kupita.

Alipita kweli. Alimsalimia Mama Noela, akavua viatu, akachuchumaa mbele ya tangi kwa muda mrefu kiasi kwamba chai yake ilipoa. Sikunyamaza hata kidogo. Nilimtajia lita, nikamtajia saa, nikamtajia na ishirini yangu. Aliitikia kwa adabu tu. Kisha akaomba chakula cha samaki, akakisaga viganjani mpaka kikawa unga, akautia majini mbele ya pampu.

Tuliufuata ule unga kwa macho. Ulikimbia mbio ukipita kioo cha mbele, ukakata kona, ukarudi taratibu kwa nyuma, na ulipofika kwenye mawe niliyoyaegemeza kwenye kioo ukatua wote. Ulitua palepale penye utando mwekundu.

"Hapa ndipo mimi ningetandika blanketi," Limi akasema.

Nilikuwa nimejenga mwalo sebuleni kwangu, tena mwalo mzuri. Maji yangu yalikwenda kwa nguvu, lakini yalikwenda njia moja tu, na kila siku yalibeba taka za samaki na kuziweka mahali pamoja zioze. Ishirini yangu ilikuwa kweli. Haikuwa imefika nyuma ya mawe.

Limi alikunja mikono ya blauzi. Alianza kwa kunyonya uchafu wote wa nyuma kwa mpira mwembamba, ndoo mbili nzima, nami nikajazia maji mapya ya chumvi niliyokuwa nimeyaandaa. Kisha akabomoa kichuguu changu cha mawe. Aliyajenga upya mafungu mawili, mbali na kioo kwa vidole vinne, katikati akaacha njia. Akaniuliza kama nina pampu nyingine. Nilikuwa na ndogo, nimeiweka kabatini kwa kuidharau. Akainasisha kwa sumaku yake upande wa kulia, ile kubwa akaipunguza nguvu akaiacha kushoto, akazielekeza ili mikondo yake igongane katikati na kuvunjika. Moja aliinua kidogo mpaka uso wa maji ukaanza kutikisika, hewa ipate kuingia. Tumbawe akalihamishia mahali ambapo hakuna mkondo unaolipiga usoni.

Kila alipogeuza pampu kidogo alitia tena unga, akatazama. Kwenye mwalo, alinieleza, unayapa maji mahali pa kuchoka ili yaachie dhahabu. Huku kazi yako ni kuyanyima. Aliufuata unga kutoka kona hadi kona, mpaka ukawa hautui popote. Alifanya hivyo mara tisa. Nilihesabu, kwa kuwa ndiyo kazi pekee niliyobaki nayo.

Jumatano harufu ilipungua. Alhamisi nilifungua mlango wa sebule bila kuziba pua. Ijumaa utando haukurudi, lakini tumbawe lilikuwa bado limejikunja, nami nililala vibaya. Jumamosi asubuhi nilipotoka chumbani nilimkuta Mama Noela amesimama mbele ya tangi na ufagio mkononi. Vidole vyote vilikuwa vimefunguka na vinacheza, hiki kikienda huku na kile kule. Mke wangu alinusa mara mbili, upande huu na upande ule, kama anavyonusa maziwa.

"Libaki," akasema, akaendelea kufagia.

Abel alifika na gari lake, na Limi alikuwa ndani, amekuja kusaidia kupika na kuangalia kazi yake. Mama Noela alimkumbatia, akamshukuru kwa Kisukuma, wabeja sana mwanangu, jambo asilolifanya ovyo kwa wageni. Mimi kwa furaha nilichukua karatasi na kalamu. Nilimchorea Limi mikondo miwili inayogongana, nikamchorea mwendo unavyopungua nyuma ya kizuizi na kitu kizito kinavyotua, nikaandika na kanuni yake chini. Alitazama karatasi ile kwa makini.

"Hii ndiyo ile ya kidato cha tatu?"

Nikamwambia ndiyo, ndiyo yenyewe.

"Mbona hii nilikuwa naijua. Nilikuwa kwenye mwalo wa mama tangu darasa la nne."

Nilimuuliza kwa nini basi hakusema darasani. Hakukasirika. Alinijibu kama mtu anayemkumbusha mwenzake kitu alichosahau.

"Nilinyoosha mkono nikaanza kusema habari ya mwalo. Ukasema mambo ya machimboni tuyaache getini."

Ni kweli nilikuwa nasema hivyo. Nilikuwa nasema kila mwaka, kila darasa, tena kwa ukali. Kila habari ya dhahabu mpya ilipotangazwa madawati yalibaki matupu, na niliogopa kwamba nikiruhusu machimbo yaingie mdomoni mwa mtoto mmoja nitawapoteza wote. Niliwapenda, Mungu ni shahidi. Lakini Limi alikuwa na fizikia mkononi, mimi nikamwambia aiache getini, kisha nikampa kumi na moja kwa mia kwa kukosa kitu cha kuniambia. Niliikunja karatasi yangu, nikaitia mfukoni.

Wageni waliingia saa nane. Mzee Thobias, baba mkubwa wa bwana harusi, hakuketi kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi, akaegemea fimbo yake, akashangaa kwa dakika nzima. Kisha akauliza, sebule nzima ikisikiliza, ni mtaalamu gani aliyeyapanga maji yale yakatembea namna hiyo. Mama Noela alinitazama. Jibu la swali hilo nimelitoa kwa wageni wengi, linachukua nusu saa, na ndani yake kuna mtu mmoja tu.

Limi alikuwa anapita na sinia la maandazi.

"Ni huyu," nikasema. "Anaitwa Limi, anatoka mwaloni Kharumwa. Nilimfundisha fizikia wakati yeye anaijua, nikamfelisha."

Hakuna aliyecheka. Noela aliinamisha kichwa, nadhani aliona aibu kwa ajili yangu mbele ya wakwe. Mzee Thobias alimgeukia Limi, akamwomba amweleze. Limi aliweka sinia mezani, akavuta kiti, akaketi katikati ya wageni. Alianza na ubao na blanketi, akaingia kwenye mchanga na mawe, maneno yote ya machimboni, moja baada ya jingine, nami sikumkatiza.