Ngobyi Iliyotungoja

Mama yangu Pudentienne aliugua siku ya Jumatatu, wiki ya kuvuna pamba, mwaka 1954. Alirudi shambani na kapu lisilofika hata nusu, akalitua mlangoni, akasema, "Generose, ubavu unanichoma kama mtu iko anaingiza kisu." Kabla ya jua kushuka alikuwa anatetemeka chini ya blanketi mbili, na kikohozi kinamkata maneno katikati.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nyumbani tulibaki sisi wawili tu. Baba alikufa nikiwa darasa la tatu, ndipo nilipotoka shuleni, na kaka yangu Damien alikuwa amekwenda Usumbura kutafuta kazi bandarini, hajatuma neno tangu Pasaka.

Kijiji chetu kiko bondeni mwa Ruzizi, kati ya Mutarule na Uvira. Ukitoka na mzigo kichwani jogoo wa kwanza akiwika, unafika Uvira jua likiwa utosini. Hospitali iko kule. Mgonjwa asiyeweza kutembea anabebwa kwa ngobyi, machela yetu ya matete yaliyosukwa juu ya miti miwili mirefu. Ngobyi ya kijiji ilikuwa moja, na ililala darini kwa mzee Hatungimana.

Sheria yake kila mtu aliijua. Mtu wa nyumba ya mgonjwa ndiye anakwenda kuiomba, na ni yeye mwenyewe anaibeba kichwani mpaka mlangoni kwao. Wanaume wakiiona inapita wanaacha walichoshika, wanafuata. Lakini hakuna jirani anayeruhusiwa kuileta bila kuitwa. Ngobyi ikija haijaitwa, wazee walisema, imekuja kuchukua maiti.

Asubuhi ya Jumanne mama aliniambia, "Enda kwa Hatungimana. Sema Mama Damien hawezi kusimama. Batu batakuya, Mungu hawezi kututupa."

Nilikwenda. Na hapa ndipo ninapaswa kueleza aibu niliyokuwa nayo, maana bila hiyo hakuna kitu cha kusimulia.

Miaka miwili kabla ya hapo, jirani yetu Apollinarie alishindwa kuzaa, wakambeba kwenda Uvira. Kila nyumba ilitoa mwanaume wa kupokezana mabegani. Nyumba yetu haikutoa mtu. Baba hayupo, Damien hayupo. Waliporudi, mama na mtoto wote wazima, watu walicheka kisimani kwa furaha, na Onesphore, kijana asiyeweza kufunga mdomo wake, akasema mbele ya wote, "Yee Mama Damien! Nyumba ya wanawake wawili! Siku yenu ikifika, nani atawabeba, kuku?"

Watu wakacheka, mama akacheka kuliko wote. Akamjibu, "Kuku zangu ziko na nguvu kukupita weye!" Minye sikucheka. Nilijaza mtungi wangu nikaondoka, na neno lile nililibeba miaka miwili.

Kwa hiyo Jumanne ile nilipofika kwa Hatungimana nikakuta wanaume wanne wamekaa uani wanafunga mafungu ya pamba, na Onesphore iko katikati yao. Siku ya Ijumaa kamioni, lori la wanunuzi wa pamba, ilikuwa inakuja kupima, na kila mtu alikuwa anakimbizana na siku. Niliona darini mti mmoja wa ngobyi unatokeza.

Mzee Hatungimana aliinua macho. "Mwanangu, amani? Mama anaendeleaje? Nimesikia anakohoa."

"Iko homa kidogo tu, baba," nikasema. "Nilikuwa ninapita."

Aliniangalia kidogo. "Unapita kwenda wapi?"

"Kisimani."

Mikononi sikuwa na mtungi. Aliona.

Nyumbani mama aliuliza, "Wamesemaje?" Nikajibu, "Watakuja. Wanamaliza pamba kwanza."

"Sawa. Pamba ya watu nayo ni chakula cha watoto wao. Mungu anajua saa yake."

Nikamwekea maji ya moto ubavuni kwa kitambaa. Nilijiambia: katika katekisimo tulisoma kwamba ndege wa angani hawalimi, na Baba yao anawalisha. Kama Mungu anataka mama apone, atamponya hapahapa kwenye mkeka, au atawagusa wale wanaume moyo waje wenyewe, bila minye kufungua kinywa mbele ya Onesphore. Nilisali hata rozari nzima. Nilijiona nina imani kubwa.

Jumatano mama aliomba nimwoshe uso na kumvika kitenge chake cha misa. "Wasinikute mchafu," alisema. Nikamkalisha mlangoni, mgongo kwenye ukuta, akaangalia njia. Kila mtu akipita juu kwenye barabara, alinyanyua kichwa. Alipoona siyo wao, alikishusha polepole, kama mtu anayeweka mtungi chini.

Saa nne Apollinarie alikuja na uji, na yule mtoto wa ngobyi anatembea nyuma yake. Alimnywesha mama kijiko kwa kijiko. Kisha akanivuta nje, nyuma ya jiko.

"Generose, hapa si homa. Unasikia anavyopumua?"

"Ninasikia, mama."

"Basi? Iko neno unataka kuniambia nipeleke kwa mutu?"

Alisimama ananingoja. Ninaona mpaka leo vile alivyosimama, sahani ya uji mkononi, miguu haitaki kuondoka. Kama ningesema neno moja, angekimbia kumwambia bwana wake Protais. Lakini nilifikiri anataka kuona nyumba yetu inapiga magoti. Nikasema, "Hapana, mama. Asante kwa uji."

"Haya," akasema. Akaenda, akageuka mara mbili njiani.

Alhamisi kulipokucha mama hakuweza tena kukaa. Alilala mkekani, mlango wazi, uso upande wa njia. Midomo yake ilikuwa inatembea, nikasogea nisikilize. Nilidhani anajiombea. Hapana. Alikuwa anawaombea wale wanaume, mmoja mmoja kwa jina. Hatungimana, goti lake lipone. Protais, pamba yake ikauke vizuri. "Na Onesphore, Bwana, umupe bibi mwenye maneno kumupita."

Hapo nilishindwa kukaa mle ndani. Mtu ninayemwogopa mama yangu anamwombea bibi, na anaamini amechelewa kwa sababu ya pamba! Nilitoka mbio. Sikufunga hata kitambaa kichwani.

Kwa Hatungimana ngobyi haikuwa tena darini. Ilisimama kando ya mlango, imeoshwa, na kamba zake za zamani zilikuwa zimebadilishwa. Kamba mpya, bado zina rangi ya kijani.

"Baba," nikasema, "mama hawezi kusimama."

Mzee alinyanyuka kwa shida ya goti. "Ichukue. Inakungoja tangu juzi."

"Tangu juzi?"

"Ulipokwenda kisimani bila mtungi, mwanangu, niliishusha. Lakini unajua minye siwezi kuileta kwenu. Ningekuwa nimemwita mama yako kaburini."

Niliiweka kichwani. Nilipopita katikati ya kijiji sikusema neno, na nyuma yangu nikaanza kusikia makapu yanatuliwa. Tulipofika mlangoni kwetu walikuwa sita. Onesphore aliinama ndani ya nyumba, pamba bado imeshika kwenye nywele zake, akasema, "Mama Damien, hodi! Kuku zako tumefika."

Mama alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi kirefu.

Tuliondoka. Walipokezana mabegani bila kusimama, na minye nyuma nimebeba mtungi wa maji. Wakati wa kiangazi mto Mulongwe, pale unapoingia Uvira, una maji machache, yanapita kati ya mawe. Walimtua mama kivulini ng'ambo ya mto ili wapumue kidogo, hospitali ikiwa karibu. Nilianza kugawa maji kwa kibuyu.

Mama alifungua macho. "Asanteni, wanangu," alisema. "Najua kamioni inakuja kesho. Generose aliniambia mnamaliza pamba kwanza, na sikuwachukia hata kidogo."

Protais alikuwa anakunywa. Akashusha kibuyu. "Kumaliza pamba? Mama, nani alisema...?"

Akaniangalia. Wote wakaniangalia. Nilishika mtungi kama mtoto anavyoshika mama yake.

"Tulikuwa tunangoja utume neno tu," Protais akasema, sasa kwa sauti ya chini, kwangu. "Mulifikiri tutakataa? Kwa sababu gani?"

"Hatukutoa mtu," nikasema. "Siku ya Apollinarie. Hatukutoa mwanaume."

Protais alinikazia macho kama mtu asiyefahamu lugha. "Mama yako alitufuata na mtungi kutoka kule mpaka hapa. Jua lile! Apollinarie alikunywa mukononi mwake, pale kwenye lile jiwe. Minye ninasahau namna gani? Wanaume tulikuwa kumi na wawili, mwenye maji alikuwa mmoja."

Sikujua. Siku ile nilikuwa nimebaki nyumbani nachunga maharagwe jikoni, na mama aliporudi miguu imevimba alisema tu, "Nilisindikiza watu." Ndiyo maana alicheka kisimani. Kwake maneno ya Onesphore yalikuwa mzaha mtupu, hayakuwa na mahali pa kuingia.

Mama alikuwa amesikia yote. Nilingoja aniulize. Alinyoosha mkono kutoka kwenye ngobyi, akagusa mtungi.

"Umewanywesha wote?"

"Ndiyo, mama."

"Na weye? Kunywa."

Nikanywa.

Hospitalini enfirmie, muuguzi wa zamu, alimsikiliza ubavu, akamchoma sindano, akauliza alianza lini. Nikamwambia. Alihesabu kwa vidole, akatikisa kichwa. "Jumanne ingekuwa kitu kingine," alisema, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Hakujua aliniambia nini.

Mama alikufa Jumamosi mchana, nimemshika mkono. Mara mbili nilianza kusema, "Mama, minye nilikudanganya..." Mara ya kwanza alilala. Mara ya pili alisema, "Mungu aliwaleta, Generose," na sauti yake haikuwa na lawama hata chembe. Ningependa angenigombeza. Mtu aliyegombezwa anaweza kuomba msamaha.

Walimrudisha kwa ngobyi ileile. Wale waliomchukua akiwa hai ndio waliomrudisha, na Onesphore aliomba kubeba mbele njia yote.

Sasa ni miaka minne. Jumapili padri akihubiri kwamba Mungu anatoa, ninaitika amina pamoja na watu, na ninaitika kwa kweli, kwa maana niliona kwa macho yangu. Alitoa tangu Jumanne. Kamba mpya zilikuwa zimekwisha fungwa. Ni minye niliyesimama katikati, nikaita aibu yangu imani.

Ngobyi ikipita, ninachukua mtungi ninafuata. Watu wamezoea. Mwezi uliopita tulimpeleka mtoto wa Onesphore, na bibi yake, ambaye kweli anamshinda kwa maneno, aliongea njia nzima kwa hofu. Tulipofika Mulongwe walimtua mtoto kivulini, pahali palepale. Niliwanywesha wote. Bibi ya Onesphore akasema, "Na weye, dada, kunywa."

Nilimwambia nitakunywa mbele, tukifika.