Jezi Kumi na Mbili

Jezi za timu ya polisi zilikuwa kumi na mbili, namba nne hadi kumi na tano, na sheria za mpira wa kikapu siku hizo hazikutaka kusikia namba nyingine. Kila ligi ilipofungwa, Sajini Oloya alizikusanya na kuzifungia katika kabati la bwalo pale kambini Naguru, Kampala. Yeye alikuwa kapteni, na kocha pia, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeutaka ukocha. Mwaka ule zilirudi kumi na moja. Namba saba ilibaki nyumbani kwa Santo Ojok, na Santo mwenyewe hakujulikana alipo.

Habari za Santo zilikuwa chache, na hizo chache zilisemwa kwa kunong'ona. Wiki mbili baada ya ligi kwisha alikwenda Kansanga, maana alisikia sukari imefika. Wanaume watatu wenye miwani ya jua walishuka garini, wakamwita kwa jina, akapanda nao. Sukari aliiacha juu ya meza ya duka. Anena, mkewe, alizunguka kila ofisi yenye mlango, na kila ofisi ikamwambia hawamjui mtu huyo. Mwezi Mei wakubwa wakaandika kwamba Konstebo Ojok ametoroka kazini, wakalifuta jina lake katika orodha ya askari, yakaisha. Yaliisha kwao. Oloya hakuona kilichokwisha.

Miaka tisa walikuwa wamecheza pamoja. Santo alikuwa na ujeuri wa kutoa pasi bila kuangalia. Mpira haukwenda pale Oloya aliposimama, ulikwenda pale atakapofika, kwenye kona ya kushoto chini ya kikapu, na kila mara mikono yake iliukuta. Watu wa Kampala walidhani ni mazoezi. Ilikuwa ni kujuana tu, na kitu hicho hakifundishwi.

Likizo ya ligi ikaitafuna timu. Wawili walipewa uhamisho, mmoja Arua na mmoja Mbale, na nafasi zao zikazibwa na makuruta wawili wenye miguu mirefu na akili fupi. Hapo timu ilikuwa imetimia kumi na mbili kwenye karatasi, Santo akiwemo. Ndipo akaja Zéphyrin.

Zéphyrin alikuwa Mkongo aliyekimbia vita vya kwao, amepanga chumba Kabalagala, na gereji ya polisi ilikuwa imemwajiri kutengeneza injini. Siku ya kwanza aliposhika mpira, hata mpishi wa bwalo alitoka nje kutazama. Alidunda mpira kana kwamba umefungwa kwenye vidole vyake. Makuruta walifurahi. Oloya alipaswa kufurahi kuliko wote, lakini moyo ulimshuka, akajichukia kwa hilo.

Tena akacheza vibaya. Kila Zéphyrin alipopata mpira, Oloya alichomoka mbio hadi kona ya kushoto, akafika mikono wazi, na mpira haukuwepo. Ulikuwa umepita kwingine, kwa mtu mwingine.

"Kaka, unakimbilia wapi?" Zéphyrin aliuliza, si kwa dharau. "Miye naona nafasi iko huku."

"Nimezoea," Oloya akajibu. Hakuweza kumweleza mgeni kwamba miguu yake ilikuwa ikimtafuta mtu.

Jumatatu ya wiki ya mwisho ya likizo, Inspekta wa michezo akamwita ofisini. Orodha ya msimu ilitakiwa Ijumaa, na asiyeandikwa hatacheza hadi mwaka ujao.

"Weka ile Mkongo, toa Ojok," Inspekta akasema. "Na jezi ya serikali irudi. Wewe iko rafiki yake. Nenda chukua."

Oloya akapiga saluti, akaenda.

Alimkuta Anena nyuma ya nyumba yao ya kambini, ametundika nguo. Sabuni mwaka ule ilikuwa adimu mjini, na nguo za watoto Anena alizifua kwa majani ya mpapai. Nguo moja tu kwenye kamba ilikuwa na harufu ya sabuni halisi, nayo ilikuwa na namba saba mgongoni.

"Shemeji, wamekutuma," Anena akasema kabla hajaamkiwa.

"Nimekuja kusalimia tu."

"Naifua kila Jumatatu. Akirudi asikute imenuka sanduku." Akaivuta jezi mikunjo ikatoka, akainyoosha kwenye kamba. "Kule ofisini mimi nasema jina lake, wao wanasema hakuna. Kwenu bado iko?"

"Bado iko," Oloya akasema, akaaga. Njiani alimtamani Santo kwa namna ambayo mtu mzima huona haya kuisema. Alitamani hata ubishi wake, hata ile tabia yake ya kuazima soksi asizirudishe.

Siku tatu alikaa na karatasi ile. Watu kumi na watatu, namba kumi na mbili. Bila Zéphyrin timu ingekuwa kichekesho cha ligi. Na kumfuta Santo kulimaanisha kwamba akitokea kesho langoni mwa kambi, amekonda, anacheka, ataambiwa na rafiki yake pia kwamba hayumo. Alhamisi jioni Oloya akachukua kalamu, akaandika jina la Zéphyrin mbele ya namba kumi na moja. Namba kumi na moja ilikuwa yake mwenyewe tangu alipoingia polisi.

Inspekta aliisoma mara mbili, kidole kikasimama kwenye namba saba.

"Hii jina inafanya nini hapa?"

"Iko mchezaji, afande."

"Ile mtu ilitoroka!"

"Ndiyo, afande. Nyinyi mliandika ametoroka. Mtu ya kutoroka inaweza kurudi. Kama iko kitu ingine mnajua, niambie, nafuta saa hii."

Inspekta akashusha kidole hadi namba kumi na moja. Alikuwa na watoto sita na hofu zake, tusimlaumu kupita kiasi. "Na yako iko wapi?"

"Goti imechoka, afande."

Uongo mtupu. Goti lilikuwa zima kabisa. Inspekta akagonga mhuri bila kumtazama.

Jumamosi ya ufunguzi watu walijaa kuzunguka uwanja. Oloya aliketi mwisho wa benchi na shati lake la kiraia, mikono haijui pa kukaa. Anena akaja kutoka nyuma, amebeba mfuko.

"Kesho tunatoka, shemeji. Nyumba wamepatia askari ingine. Nitarudi kwa mama yangu Kitgum." Akaitoa jezi, imekunjwa vizuri. "Chukua. Sitaki waseme mke wa Ojok iliiba mali ya serikali. Patia mtu acheze."

"Subiri kwanza," Oloya akamwambia. "Wanaita majina."

Ligi ile ilikuwa na utaratibu wake. Refa alisoma majina kumi na mawili, kila mtu akaitika. Lakini polisi ni watu wa zamu, na mara nyingi mchezaji alikuwa bado lindoni, hajavua buti. Basi jina la asiyefika lilipoitwa, wenzake walimwitikia, naye alihesabiwa yumo, akaruhusiwa kuingia hata kipindi cha pili. Anena alikuwa mke wa polisi miaka saba. Aliujua utaratibu huo vizuri.

Refa akasoma namba nne, namba tano, namba sita.

"Namba saba. Ojok Santo."

Miezi mitano jina lile halikuwa limetamkwa kwa sauti mbele ya watu. Makuruta wakainamisha vichwa. Zéphyrin akamgeukia kapteni wake. Oloya akafungua kinywa, lakini refa alikuwa ameshainua kalamu kulikata.

"Iko njiani!"

Ilikuwa sauti ya Anena. Alikuwa amesimama wima nyuma ya benchi, jezi kifuani. Zéphyrin, ambaye hakuwahi kumwona Santo hata siku moja, akaitikia wa pili, kisha makuruta, kisha Oloya, machozi yakimtoka bila kuyafuta.

Refa akashusha kalamu, akaweka alama ya ndiyo, akasoma namba nane. Anena akaikunja jezi upya, polepole, akairudisha kwenye mfuko wake.

"Hii sasa siachi," akasema. "Naenda nayo Kitgum."

"Nenda nayo," Oloya akamwambia.